Kigoda Namba Arobaini na Nne

Edouard Bulonza alikuwa na vigoda arobaini na vitatu nyumbani kwake, na hakuwahi kukalia hata kimoja. Yeye mwenyewe alikalia kiti cha mbao alichonunua soko la Kadutu, chenye mguu mmoja uliofungwa waya, na wageni aliwapa benchi. Vigoda vilijipanga ukutani kuanzia sebuleni hadi barazani, na baraza ilitazama ziwa. Mtu akiingia pale kwake, mtaa wa Muhumba, kwa mara ya kwanza alijihisi amekuta kikao cha wazee ambao wametoka nje kidogo na watarudi sasa hivi.

Kazi yake ilikuwa uchoraji. Alianza na mabango ya vinyozi na maduka ya dawa, na hadi leo wapo watu Bukavu wanaokumbuka vile vichwa vyake vya wanaume waliotoka kunyolewa, mashavu yamevimba kama maandazi. Baadaye akawa mchoraji wa ziwa, na hapo ndipo mji ulipomshika. Alikodi mtumbwi, akaingia Ziwa Kivu na ubao wake, akauchora mji kutoka majini: rasi tano, mabati, kuba la kanisa kuu, vilima vya Kabare nyuma yake. Alichora hivyo kwa miaka thelathini bila kuchoka. Wenzake waliohamia Kinshasa walimwandikia awafuate, naye akawajibu kwamba Kinshasa hakuna ziwa, atakwenda kufanya nini.

Vigoda alivikusanya Jumamosi. Alipanda vilimani, Kabare, Nyangezi, Walungu, na daftari kwapani, akaingia nyumba za watu, akauliza habari za wazee, akaandika kila alichoambiwa, na akitoka mara nyingi alikuwa na kigoda begani. Kuna familia zilizouza kwa shida na kuna zilizouza kwa sababu vijana walitaka makochi. Akifika nyumbani alikisafisha, akapasha chuma moto, akakiunguza kwa chini herufi mbili za jina lake na namba. E.B. 1. E.B. 17. E.B. 43. Kisha alikiweka kwenye mstari.

"Hivi haviko vyangu," aliwaambia wageni, kidole juu. "Ni vya muji. Nikikufa, hii nyumba itafunguliwa, mutoto ya Bukavu ataingia bure ajue bazee yake walikuwa nani."

Aliyasema hayo mara nyingi hata akayaamini. Na mji nao ulimwamini, kwa sababu alikuwa mtu mwema, asiye na mke wala mtoto, na mkono wake haukuwa mzito kwa mtu mwenye shida.

Mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vilipofika Bukavu, rafiki yake Jean-de-Dieu Bisimwa alifika langoni asubuhi na mzigo kichwani uliofungwa shuka. Jean-de-Dieu alikuwa mwalimu wa jiografia, mkazi wa Cimpunda, na walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Nyuma yake alisimama mkewe Madeleine na mtoto wao wa pekee, Aganze, kijana wa miaka kumi na tisa, wote na mabegi mgongoni. Milio ya bunduki ilisikika upande wa mto Ruzizi.

"Edouard, unichungie hii kiti," alisema Jean-de-Dieu, akafungua shuka. "Hii njo ile kiti ya baba. Siwezi kukimbia nayo mpaka Bunyakiri."

"Bakieni hapa kwangu."

"Weye njo utakuya na siye. Muji inaanguka, unangoya nini?"

Edouard alitazama mstari wake wa vigoda. "Nani atachunga hivi vyote?"

Jean-de-Dieu akacheka, hata siku ile. "Basi chunga na yangu. Nikirudi, nitaikamata. Nisiporudi, Aganze atakuya."

Walikumbatiana, na hawakuonana tena.

Edouard alikijua kigoda kile. Alikijua kuliko wengi wa ukoo wenyewe. Kilikuwa cha mti mgumu uliogeuka mweusi kwa kukaliwa, na kwa chini, kandokando ya ukingo, kilikuwa na alama saba zilizochongwa kwa kisu, moja kwa kila mwanamume aliyepata kukikalia. Katika ukoo ule, baba akifa, mtoto wake wa kwanza hukalishwa juu yake mbele ya baba zake wadogo, na alama yake huchongwa pembeni ya ile ya baba. Hapo ndipo anapopata neno juu ya migomba na ng'ombe. Hapo ndipo na mama yake anaponyolewa, akaoshwa, akavuliwa nguo nyeusi. Kabla ya kigoda hakuna kinachofuata. Na kikiwa kimewekwa kwa mtu, huyo mtu ndiye anayekitoa, kwa mkono wake, watu wakiona. Ukimnyang'anya, kigoda hakimkalishi yeyote.

Haya yote Edouard aliyaandika kwenye daftari mwaka 1984, huko Walungu, akiyapata kinywani mwa baba yake Jean-de-Dieu. Siku ile ile aliomba kukinunua, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Kwa miaka kumi na miwili Edouard alikuwa akikitazama kila alipokwenda kumtembelea rafiki yake, kama mtu anavyotazama sahani ya mwenzake.

Mji ulianguka. Askari wakaingia Muhumba, wakaingia na kwake. Walichukua redio, godoro, sufuria, hata makopo ya rangi. Mmoja alipiga kigoda teke, akasema ni kuni tu, wakaondoka. Edouard alitukanika na akashukuru, vyote kwa pamoja.

Mwezi wa Januari, mvua ikinyesha mchana kutwa, alikaa kuhesabu upya vitu vyake na kuvipaka mafuta. Mbabula, jiko lake la makaa, ilikuwa inawaka kwa ajili ya chai, na chuma kilikuwa pale pale. Alijiambia ni kwa usalama. Kigoda kisicho na namba kikiibwa, utakidai vipi? Namba itamlinda Jean-de-Dieu. Akakigeuza, akatafuta mahali penye nafasi, na mahali penye nafasi palikuwa pale tu, pembeni ya alama ya saba. Akabonyeza. E.B. 44.

Moshi ulipomfikia puani alitambua ni pa nani pale alipopaunguza: palikuwa pa alama ya nane. Lakini chuma kilikuwa kimekwisha kuzama. Akakigeuza kigoda, akakiweka kwenye mstari, mwisho kabisa, karibu na mlango wa baraza, na akaketi kukitazama mpaka chai ikapoa. Ukweli ni kwamba kilipendeza. Mstari mzima ulionekana kama ulikuwa ukikingoja.

Madeleine alirudi mwezi wa Juni, yeye na Aganze. Edouard aliwaona kupitia dirishani wakishuka njia, mama amevaa nyeusi tupu, amekonda. Hakuhitaji kuambiwa. Kabla hajafungua mlango alifanya jambo moja ambalo hakulipanga: alivuta kitambaa chake cha kufutia rangi, kile kikubwa, akakifunika kigoda.

Jean-de-Dieu alikuwa amekufa kwa homa karibu na Hombo, akazikwa kando ya barabara. Edouard alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, mtu asije akasema alikuwa akiigiza. Walilia wote watatu. Kisha Madeleine akajipangusa.

"Papa Edouard, tunakuya juu ya ile kiti," alisema. "Shemeji Venant anatungojea kule Walungu. Wanataka wamukalishe Aganze, na miye nitoke mu kilio."

Hapo kulikuwa na nafasi ya kusema. Angesema tu: iko hapa, nimeiharibu, mnisamehe. Lakini aliwaza Venant, mdogo wake Jean-de-Dieu, akikigeuza mbele ya watu na kukuta kimepigwa chapa kama ng'ombe wa wizi. Na tusimpambe: aliwaza pia lile pengo litakalobaki kwenye mstari.

"Walikibeba," alisema. "Basoda. Walibeba radio, matela, na kiti."

Aganze alitazama vigoda arobaini na vitatu vilivyosalimika, akarudisha macho kwa mama yake. Edouard, ili tu macho yale yasirudi ukutani, alinyoosha mkono ovyo. "Ikala basi, maman. Umechoka. Ikala."

Benchi ilikuwa imejaa picha zilizoanikwa zikauke. Kitu pekee cha kukalia karibu na mlango kilikuwa kile kilichofunikwa. Edouard alitambua alichokisema. Madeleine alikitazama kitambaa kwa muda.

"Apana," alisema. "Nitasimama."

Waliondoka bila kukaa, na Edouard akamshukuru Mungu kwa bahati.

Venant hakuwa mtu mbaya. Alisema kigoda kimepotea, basi ukoo ukae, ushauriane namna ya kufanya. Lakini mwaka uliofuata vita vya pili vililipuka, barabara ya Walungu ikawa ya kupita kwa kuomba, wazee wengine wakakimbilia Uvira na wengine hawakujulikana walipo. Kikao hakikukaa. Migomba na ng'ombe vikabaki mkononi mwa Venant, naye alipoulizwa alijibu kwamba mtu asiyekalishwa hatoi ng'ombe. Hilo lilimuumiza Aganze kuliko yote, kwani alikuwa na mchumba, Fabiola, binti mpole wa Kadutu, na bila ng'ombe hakuna mahari.

Na Madeleine akabaki katika nyeusi. Mwaka mmoja, wa pili, wa tatu. Edouard alimwona kanisa kuu kila Jumapili, safu ya nne, kile kitambaa cheusi kimeanza kupauka. Bukavu ni mji mdogo kwa mwenye kosa. Barabara zote zinakurudisha ziwani au sokoni, na kokote uendako utamkuta unayemkimbia. Edouard akahamia misa ya parokia nyingine, akasingizia magoti.

Lakini Madeleine hakuacha kuja kwake. Kila Oktoba, siku zile zile walizokimbia, alishuka kutoka Cimpunda na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipika mwenyewe. "Nakuya kusalimia nyumba," alisema. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango wa baraza, akatazama ziwa, akauliza habari za kazi, akaaga. Kigoda hakukitaja tena. Edouard alikunywa ile kasiksi peke yake. Alijiambia kwamba mama huyu ana moyo wa ajabu. Kila mara alijiambia pia kwamba mwakani, atakapokuja tena, atamwambia. Oktoba ilifika, Madeleine akasimama pale pale, na Edouard akasifu pombe.

Siku moja ya Septemba mwaka 2000 alikuja Aganze peke yake. Alikuwa mwanamume sasa, miaka ishirini na mitatu, mabega ya baba yake.

"Papa Edouard, nakuya kukuaga. Naenda Shabunda, ku coltan."

Wakati ule Bukavu nzima ilikuwa ikizungumza habari za mawe yale meusi. Walimu waliacha chaki, wanafunzi waliacha vitabu, wote wakaenda msituni kuchimba.

"Shabunda ni mbali," alisema Edouard. "Na ile mashimo inaanguka."

"Najua. Lakini Fabiola amengoya miaka tatu. Baba yake hatangoya ya ine. Kama ng'ombe ya baba sipati, nitanunua yangu." Alikuwa amesimama mahali pale mama yake alipozoea kusimama, na kigoda kilikuwa karibu na goti lake, chini ya kitambaa chenye madoa ya rangi. "Papa Edouard."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hakuna kitu unataka kuniambia?"

Edouard alifungua kinywa. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kufika kwenye ulimi, tena kwa mpangilio. Nje mtu wa mtumbwi alikuwa akigombana na mwenzake kuhusu wavu, na sauti zao zilifika wazi. Aganze alingoja. Akangoja muda mrefu kuliko kijana anavyomngojea mtu mzima.

"Kule kunanyesha sana," alisema Edouard. "Ngoya nikupe kitu."

Akaingia chumbani, akatoka na koti lake la mvua, zuri, la kijani, alilopewa zamani na padri mmoja. Aganze alilipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, papa," alisema, na akaenda.

Oktoba ile Madeleine hakuja. Novemba nayo ikapita. Edouard alianza kulala vibaya. Alikigeuza kigoda, akajaribu kukwangua E.B. 44 kwa kisu cha kuchongea, lakini chuma kilikuwa kimeingia ndani sana. Kuiondoa chapa kabisa kungemlazimu achonge na kuondoa alama ya saba, ambayo ilikuwa ya Jean-de-Dieu. Akaweka kisu chini. Krismasi ikapita. Akaamua: Aganze akirudi tu, siku ile ile atabeba kigoda mpaka Cimpunda, na namba yake humo humo, waseme watakalosema. Uamuzi huo ulimpa nafuu kubwa, hata akarudi ziwani kuchora.

Februari, Georgette, jirani yake aliyeuza sambaza pale njia panda, aliingia uani na beseni lake la samaki wakiwa bado ndani.

"Papa Edouard, umesikia? Mutoto ya marehemu mwalimu Bisimwa. Shimo imemufunika kule Shabunda, yeye na wenzake watano. Hawakuwatosha, wamebaki mule chini."

Edouard alikaa chini, juu ya sakafu.

"Kilio iko Cimpunda," aliendelea Georgette. "Maman yake analia maskini, mutoto ni mumoja tu." Akamtazama. "Papa? Nikuletee maji?"

Hakutaka maji. Aliinuka, akaenda mlangoni mwa baraza, akaondoa kitambaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne kigoda kilikuwa wazi mchana mbele ya mtu. Akakiinua, akakiweka kichwani, akatoka.

Kutoka Muhumba hadi Cimpunda ni kupanda. Alipita Nyawera, akapita barabara kubwa, akapita soko la Kadutu, jua likiwa kali na matope ya jana bado njiani. Kila mtu alimjua. "Papa Edouard!" waliita. "Umenunua ingine?" "Papa, ile nimero ngapi?" Walifurahi kumwona. Mwuza viazi alimpisha kwa heshima, akawaambia wenzake kwamba huyu mzee anachunga vitu vya mji. Edouard hakumjibu yeyote. Shingo ilimuuma, na alitamani iume zaidi.

Uani kwa Madeleine walikuwa wametandika turubai na mabenchi ya kapela. Wanawake waliimba zaburi. Katikati, juu ya mkeka, kulikuwa na shina la mgomba lililofungwa shuka nyeupe, kama ukoo ule ulivyofanya kwa mtu aliyefia mbali bila mwili kupatikana. Kesho yake lingepelekwa Walungu kuzikwa. Fabiola alikaa karibu nalo, na juu ya mapaja yake alikuwa amekunja koti la mvua la kijani. Mtu fulani aliyetoka machimboni alikuwa amelileta. Aganze alilivua kwa sababu ya joto kabla ya kushuka shimoni.

Edouard aliona koti. Akashusha kigoda mbele ya shina la mgomba. Nyimbo zikakatika moja moja mpaka pakawa kimya. Venant, mzee sasa, mvi kichwa kizima, aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Hakikuibiwa," alisema Edouard. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Hii kiti basoda hawakuibeba. Ilikuwa kwangu. Jean-de-Dieu alinipatia nichunge, na miye nikaificha. Nilimudanganya maman huyu, mbele ya mutoto wake. Miaka ine." Akapiga magoti, na magoti yakauma kweli safari hii. "Sina kitu ingine ya kusema. Nawaomba mukizike naye. Hakukikalia, basi akilalie."

Wanawake walianza kunong'ona. Venant aliinama, akakishika kigoda, akakigeuza, kama kila mwanamume wa ukoo ule angefanya. Kidole chake kilipita juu ya alama, taratibu, moja, mbili, mpaka ya saba. Kikafika pembeni, kikasimama.

"Hapa njo pahali ya Aganze," alisema. "Nani huyu ameikala hapa?"

"Ni miye. Ni nimero yangu."

Venant alisoma, akisogeza midomo. Halafu akakirudisha kigoda chini kwa adabu, kikiwa kimesimama vizuri.

"Hatuwezi kukizika," alisema. "Tunazika Aganze. Hatuziki weye."

"Nitakwangua. Munipe kisu."

"Ukikwangua, unamutosha kaka yangu, unamufuta. Nimeona. Ulishajaribu."

Edouard aligeuka kumtafuta Madeleine. Alikuwa amekaa chini na wanawake, katika nyeusi ile ile iliyopauka, na sasa juu yake alikuwa amefungwa nyingine mpya. Aliinuka. Wawili walitaka kumshika, akawazuia.

"Papa Edouard," alisema. "Ile siku uliniambia niikale."

Hakuweza kumtazama.

"Kitambaa yako haikufika chini. Miguu ilionekana. Niliolewa mu nyumba ya ile kiti, miaka makumi mbili nilipangusa ile miguu kila siku ya Mungu. Weye uliniambia niikale juu ya kiti ya bwana yangu. Njo maana nilisimama."

"Ulijua," alisema Edouard. "Basi juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, ungekitoa kwa haya, ao ningekunyanganya. Na kiti ya kunyanganya haimukalishi mutu. Weye mwenyewe ulikuya kuandika ile maneno kwa baba mukwe, miye nikiwapikia." Sauti yake haikupanda. "Kila mwaka nilikuletea kasiksi nikuone kama utafungua mudomo. Kila mwaka. Aganze alitaka kuvunja mulango yako. Alisema, maman, twende, tukamate kitu yetu. Miye njo nilimukataza. Nilimwambia Papa Edouard ni rafiki ya baba yako, atakileta mwenyewe, ngoya. Akanisikia." Hapo ndipo alipovunjika, akashika tumbo. "Mutoto yangu alinisikia."

Fabiola alianza kulia kwa sauti, na uani kote wakapokea. Edouard alibaki magotini. Hakuna aliyemtukana, na angeshukuru kama wangemtukana. Kilio kilipopungua kidogo Madeleine alipangusa uso kwa ncha ya nguo.

"Sasa beba kiti yako," alisema.

Alikibeba. Kushuka ni kwepesi kuliko kupanda, na ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi, kwani alifika sokoni haraka na watu walikuwa bado wapo. Mwuza viazi alimwona akirudi na mzigo ule ule, akashangaa, hakuuliza. Georgette aliuliza. Alikuwa ameketi njia panda na sambaza wake, amekwisha kupata habari nzima, maana habari Bukavu hushuka mlima kabla ya mtu.

"Bamekikatala?"

"Ndiyo."

"Sasa iko ya nani?"

Edouard alisimama na kigoda kichwani. Miaka yote lile swali alikuwa na jibu lake, na kidole chake kilijua kuinuka chenyewe.

"Iko yangu," alisema.

Mwaka ule na uliofuata, kila barabara ilipofunguka kidogo, Edouard alionekana akipanda vilimani Jumamosi na kigoda begani, akirudi mikono mitupu. Alivirudisha vyote arobaini na vitatu. Kuna familia zilizomkaribisha na kuna zilizomfungia mlango zikidhani ni mchawi. Nyangezi alikuta mahali pa mji wa mtu pana majani tu, akakiacha kigoda kwa katekista. Kwa kila kimoja aliomba radhi kwa ile chapa, na watu wengine hawakuelewa anaomba radhi ya nini. Uchoraji aliuacha. Alisema ni macho.

Madeleine alivuliwa nyeusi mwishoni mwa mwaka 2003, kwa uamuzi wa Venant, bila kigoda na bila mtu wa kukalishwa. Edouard alisikia tu. Hakualikwa, na hakutegemea kualikwa.

Wageni waliendelea kufika Muhumba mara mojamoja, watu wa vyuo, masista, mtu wa shirika fulani aliyesikia habari za mkusanyiko mkubwa wa vigoda. Walikuta kuta tupu, na kigoda kimoja karibu na mlango wa baraza, hakijafunikwa.

"Na hiki, papa?" waliuliza. "Hiki ni cha mji?"

"Apana. Hiki kiko changu," alijibu, na akawasogezea benchi wakae. Yeye alisimama mpaka walipoondoka.